Msomaji wa Pili

Katika kituo chetu cha utafiti wa damu hapa Voi, hapakuwa na mtu aliyeanza kazi kabla ya kusomwa. Asubuhi ya kwanza, kabla hata ya kupewa koti jeupe, mgeni alidungwa kidole, tone la damu yake likapakwa juu ya kioo chembamba, likakaushwa na kutiwa rangi. Kisha mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliinamia darubini na kulisoma kwa sauti, sisi wengine tukisikiliza na vikombe vya chai mkononi. Alisoma kama karani wa mahakama asomavyo mashtaka. Mwenye minyoo alijulikana. Mwenye kupenda chupa alijulikana pia, na hakuna aliyethubutu kubisha, kwa sababu aliyebisha alikaribishwa kutazama mwenyewe.

Mimi nilisomwa Jumatatu, tarehe 2 Februari 2009. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mjane, na cheti changu cha maabara kilikuwa bado kinanuka karatasi mpya. Baada ya kumzika mume wangu nilikuwa nimerudi kidato cha kwanza na kuketi dawati moja na wasichana wa rika la mwanangu, kwa hiyo sikuona kwamba sindano ndogo ya kidole ingenitisha.

"Chembe nyekundu ni ndogo, na zimepauka katikati," Mwalimu akasoma. Akainua macho. "Mama, kwako nyumbani nani hupakuliwa kwanza?"

"Watoto."

"Na wewe?"

"Mimi hula kinachobaki."

"Damu yako inasema mara nyingi hakibaki."

Wenzangu wakacheka, si kwa ubaya. Mimi sikucheka. Aliniagizia vidonge vya madini ya chuma, akataka kujua jina la mwanangu wa kwanza, na tangu hapo akaniita Mama Mwakio. Hakuwahi kuniita vinginevyo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniuma miaka yote: mimi aliniita Mama Mwakio, na wengine wote aliowafunza aliwaita wanangu.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wenye kumjua wanajua. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega yake yameinama kidogo kwa kuegemea darubini maisha yote, na alivaa raba nyeupe ambazo hazikuwahi kuwa nyeupe. Alihubiri kuhusu saa na kila siku alichelewa. Aliimba katika kwaya ya kanisa kwa sauti ambayo mchungaji aliivumilia kwa sababu ya ukarimu wake siku za harambee. Alikuwa na uadui wa kweli na vumbi. Hilo vumbi letu jekundu, linalopita hata chini ya mlango uliofungwa, likitua juu ya kioo hujifanya ugonjwa. Asiyelijua huliandikia dawa. Basi kila asubuhi Mwalimu alizunguka na kitambaa kibichi, akipangusa madirisha na kunung'unika, na jioni aliifunika darubini yake kwa leso safi, akaikunja pembe zake kwa uangalifu, kama amfunikaye mtoto aliyelala.

Alikuwa mchoyo wa sifa. "Imekaa sawa" ndiyo sentensi kubwa tuliyowahi kuipata kwake. Lakini matokeo ya utafiti yalipoandikwa, aliyesafisha vioo naye jina lake lilikuwamo, na watu wa Nairobi walipouliza kwa nini, alijibu kwamba kioo kichafu kingewafanya wote waonekane wapumbavu. Hakupenda kusikia mtu akikisia. Ukimwendea na kusema, "Nadhani ni malaria," alikukatiza.

"Usiniambie unachodhani. Niambie unachoona."

Na huyu mwanamke aliyeishi kwa damu za watu, aliogopa damu yake mwenyewe. Wafanyakazi tulipopimwa afya, aligeuza uso ukutani na kuisoma kalenda kwa sauti, mwezi hadi mwezi, hadi sindano ichomolewe. Hatukuwahi kuiona damu yake chini ya darubini. Wakesho alimtania siku moja kwamba pengine yake ni ya kijani.

"Mimi husoma," Mwalimu alijibu. "Sisomwi."

Sasa nimemtaja Wakesho, nami lazima nimweleze.

Wakesho alitoka Bura, akasomea shule za huko huko milimani, akaja kwetu akiwa na miaka ishirini na mitatu na shahada yake. Alikuwa msichana mwema. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama asingekuwa mwema. Aliniamkia kila asubuhi kwa adabu. Aliniletea kabichi na karoti kutoka shamba la mama yake, na nilizipika, na zilikuwa tamu, na hilo nalo liliniudhi.

Katika chumba kikubwa kulikuwa na darubini ya watu wawili. Upande mmoja una vifundo vya kuendesha kioo. Upande wa pili hauna kitu ila mahali pa kutazamia. Mwalimu aliketi upande wa vifundo, na mwanafunzi akaketi upande wa pili akiona kila anachoona yeye, huku mshale mdogo wa mwanga ukimwelekeza: hii hapa, na hii, na hii iliyovimba. Vichwa vyao viwili vilikaribiana hadi nywele kugusana. Walizungumza kwa sauti ya chini. Mara nyingine walicheka, na aliyekuwa mbali hakujua walichekea nini, kwa kuwa kichekesho chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya unga.

Wakesho aliketi upande ule wa pili asubuhi baada ya asubuhi. Waliomtangulia walikuwa wameketi pale, na waliomfuata pia. Mimi sikuwahi kuketishwa.

Mimi nilikuwa msomaji wa pili. Kazi yenyewe ni hii. Kila kioo cha utafiti husomwa na watu wawili ambao hawaonyeshani walichoandika hadi wote wamalize. Wa kwanza anaweza kuwa amechoka, au anatamani kuona kitu fulani. Wa pili ndiye kinga yake. Wakikubaliana, matokeo yanakwenda. Wakitofautiana, wanarudi kwenye kioo. Mwalimu alisoma kwanza, nami nikasoma baada yake, peke yangu, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama tangi la maji. Vioo kutoka milimani, vioo kutoka Njukini na tambarare za Taveta, vya akina mama wajawazito na vya watoto wao, vyote vilipita mikononi mwake kisha mikononi mwangu. Tulitofautiana mara chache. Tulipotofautiana alikuja mlangoni kwangu na raba zake chafu, na kusema, "Mama Mwakio, hebu tuone nani amezeeka." Akisha kuona kwamba ni yeye aliyekosea, aliandika jibu langu na kuondoka bila neno.

Nilisikia vicheko vya chumba kikubwa kupitia ukutani.

Kulikuwa na siku ambayo niliamini mambo yatageuka. Vioo vya Njukini vilikuwa vimefika, na Mwalimu alikuwa Mombasa kwa mkutano, hivyo Wakesho akasoma kwanza badala yake. Aliandika kwamba mtoto mmoja ana vijidudu vya malaria. Nilipokisoma kioo hicho sikuona kijidudu hata kimoja. Nilichoona ni zile chembe ndogo za kugandisha damu, zimelala juu ya chembe nyekundu, na kila moja imezungukwa na kiduara cheupe kama pete. Asiyekuwa na uzoefu hudanganywa na pete hiyo. Ni kosa ambalo kila msoma damu hulitenda mara moja, na aliyelitenda halisahau.

Mwalimu aliporudi nilimwekea kioo mezani. Sikusema mengi. Nilisimama tu, koti langu limepigwa pasi, nikingoja.

Alitazama kwa muda mrefu. "Umeona sawa," akasema. Kisha akaita, "Wakesho, mwanangu, njoo ukae hapa."

Alimketisha upande wa pili wa darubini, na hakumwinua wiki nzima. Kila asubuhi walitazama pete moja baada ya nyingine, hii ya kweli, hii ya uongo, na chakula cha mchana Mwalimu alimgawia kutoka bakuli lake mwenyewe, kimanga cha mihogo na maharagwe, ili msichana asipoteze muda kwenda sokoni. Mimi niliyeona sawa nilirudi kwenye chumba cha tangi la maji.

Nilikaa nikifikiri kwamba katika nyumba ile kosa lilikuwa na thamani kuliko usahihi. Nilifikiri pia kwamba nikiandika jibu moja baya, moja tu, nitaitwa. Nilishika kalamu. Mkono haukukubali. Damu ile ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Watu wa kazi hii wana namna yao ya kujuana. Wakikutana, swali la kwanza ni, "Umefunzwa na nani?" Ukitaja jina, wanajua mkono wako unavyopaka damu, wanajua unapendelea rangi gani, hata jinsi utakavyogombana. Wanajitambulisha kama watu wa mlango mmoja: huyu ni wa fulani, naye fulani alikuwa wa fulani aliyekwisha kufa. Mwezi wa Agosti 2014 tulikwenda Mombasa kwenye mkutano wao, Mwalimu, Wakesho na mimi. Nilikuwa nimeshonesha nguo ya kitenge. Mzee mmoja mwenye kipara, aliyesoma na Mwalimu zamani, akatujia na sahani ya sambusa.

"Naona umekuja na jeshi," akamwambia. "Hawa ni wa nani?"

Mwalimu akaweka mkono begani mwa Wakesho. "Huyu ni wangu."

"Na mama huyu?"

"Huyu ni mwenzangu."

Mzee akanipa mkono kwa heshima zote na kuniuliza nimefunzwa na nani. Nilimtazama Mwalimu, naye alikuwa akichagua sambusa. Nikataja chuo.

Mtu mwingine angelifurahia neno lile, mwenzangu. Nimelifikiria sana na ninajua kwamba ni neno zuri. Lakini mwenzako hana mahali pa kusema nimetoka kwako. Kila nilichokijua kuhusu damu, zaidi ya yale ya darasani, nilikijua kwa kusoma nyuma yake kioo baada ya kioo, nikijifunza alipokwenda haraka na alipokawia. Na siku ya kuulizwa sikuwa wa mtu.

Alistaafu Ijumaa, tarehe 30 Novemba 2018. Tulichinja mbuzi nyuma ya kituo. Mwalimu alitoa zawadi badala ya kupokea. Wakesho alipewa kioo cha kupakia, kile chenye pembe zilizokatwa, ambacho Mwalimu alikitumia miaka mingi kutandaza matone ya damu hadi kingo zake zikawa laini kama kucha. Wakesho alilia. Mimi nilipewa funguo za stoo ya rangi na dawa.

"Mama Mwakio hatatuangusha," alisema mbele ya watu, na watu wakapiga makofi.

Nilizishika funguo hizo, nikatabasamu, nikala nyama. Mwana alirithishwa mkono. Mimi nilirithishwa makabati. Darubini ya watu wawili, kwa kuwa mradi ulikuwa umenunua nyingine yenye skrini, alipewa Mwalimu aende nayo kwake Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Niliifunga mimi mwenyewe, kwa leso yake.

Baadaye Wakesho alikwenda Nairobi kusomea uzamifu. Humpigia Mwalimu simu kila Jumapili baada ya ibada. Wote wawili waliniambia hivyo kwa nyakati tofauti, kila mmoja akidhani ananipa habari njema. Mimi sikumpigia. Nilikuwa na kazi.

Kwa hiyo simu yake iliponifikia mwezi wa Juni mwaka jana wa 2025, nilishtuka. Aliuliza tu kama ningeweza kufika Rukanga Jumamosi, na nije na miwani yangu ya kusomea.

Ilikuwa tarehe 14. Nilimkuta barazani, amekonda, skafu shingoni ingawa jua lilikuwa limekwisha kuuchoma mlima. Alinikaribisha chai, akanitania kuhusu mvi zangu. Alikuwa amechelewa kuchemsha maji, kama kawaida. Ndani, darubini ilikuwa imewekwa karibu na dirisha, leso imekunjwa pembeni. Kioo kilikuwa tayari chini ya lenzi.

"Kuna mgonjwa wa hapa," akasema. "Nimemsoma mara tatu. Kila mara naona ninachotaka kuona. Nahitaji msomaji wa pili."

"Umemwonyesha nani kabla yangu? Wakesho amekisoma?"

"Wakesho hajakisoma. Mimi nitakaa barazani. Ukimaliza uniite."

Akatoka. Nikaketi upande wa vifundo.

Kwanza nilitazama jinsi damu ilivyotandazwa, bila darubini, kwa kukiinua kioo kwenye mwanga. Ulimi wa damu ulikuwa mrefu, umeishia kwa kingo laini kama manyoya. Niliujua mkono huo. Kisha nikasoma. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi, ndogo, za duara, zote zikifanana kama maharagwe ya gunia moja. Katikati yake nyingine zilikuwa zimepondeka, zimebaki madoa, kama wino uliofutwa kwa kidole. Nilizunguka kioo chote. Nilirudi mwanzo nikakizunguka tena, kwa sababu nami kulikuwa na kitu nilichotamani kuona, na hakikuwapo.

Nilitoka barazani. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti, na kwenye kidole cha tatu cha mkono wa kushoto palikuwa na kitone kidogo kilichokauka. Huyu aliyekuwa akisoma kalenda ili asione sindano alikuwa amejidunga mwenyewe.

"Mgonjwa ni mtu mzima?" nikauliza.

"Ni mtu mzima."

"Ana vivimbe shingoni?"

Alifungua skafu. Nikaviona, akaifunga tena.

"Soma, Mama Mwakio. Usiniambie unachodhani."

Nikasoma. Nilisimama wima na kusoma kwa sauti ileile aliyonisomea mimi, kama karani wa mahakama, kwa kuwa sauti nyingine yoyote ingenivunjikia njiani. Nilitaja chembe nyeupe na wingi wake, nikataja zilizopondeka. Nilipofika kwenye chembe nyekundu nilisema ni za ukubwa mzuri na zimejaa rangi.

"Unakula vizuri," nikamwambia.

Alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya skafu.

"Tumekubaliana," akasema. "Nami nimeona hivyo hivyo."

Nilimwambia yale ambayo yeye aliyajua kuliko mimi: kwamba darubini peke yake haitoshi, kwamba kuna vipimo vingine, kwamba saratani ya damu ya namna hii mara nyingi huenda polepole na ina dawa, kwamba Jumatatu tutakwenda Mombasa, mimi na yeye. Alikubali kila kitu kwa kutikisa kichwa.

"Kwa nini si Wakesho?" nikauliza. Sikuweza kujizuia. "Ndiye mwenye shahada. Ndiye uliyemketisha."

"Nilimketisha, ndiyo maana. Wote niliowaketisha pale wanaona kwa macho yangu. Wewe ningekuweka pale, ningebaki na nani wa kunikosoa?" Alinyoosha mguu, akaitazama raba yake. "Halafu Wakesho ni mwanangu. Mtu hampi mwanawe kioo kama kile. Usimwambie bado, tafadhali. Ana mtihani wake."

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimelitaka jibu hilo, na lilipokuja lilikuwa na sehemu mbili, na ya pili ilinichoma papo hapo niliposhibishwa na ya kwanza. Hata hapo Wakesho ndiye aliyefunikwa leso. Mimi ndiye niliyeonekana naweza kubeba. Na chini ya huzuni yangu, iliyokuwa ya kweli, kulikuwa na furaha ndogo, ngumu, kwamba sasa kuna kitu cha Mwalimu ambacho ninacho mimi na Wakesho hana.

"Sitamwambia," nikasema.

Aliinuka akishika mkono wa kiti, akatangulia ndani. Nilidhani anakwenda kuzima taa ya darubini. Badala yake alivuta kigoda, akaketi upande wa pili, ule usio na vifundo, akaegemeza macho yake pale na kungoja.

"Nionyeshe zile zilizopondeka," akasema. "Polepole. Ile mara ya tatu sikuziangalia vizuri, niliogopa."

Niliketi mbele yake. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu, nywele zetu nyeupe zikigusana. Nikashika kifundo, nikausogeza mshale wa mwanga katikati ya damu yake.

"Hii hapa," nikamwambia. "Na hii."